Nusu Yangu ya Kamusi

4 Desemba
(Hii sikuituma.)

Dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikiendelea kukaa nalo naona litanitoka mbele ya watu wasiohusika. Mtihani wa mwisho sikuufanya. Niliingia chumbani na wenzangu, nikakaa, nikaandika namba yangu juu ya karatasi, basi. Hesabu niliiacha nyeupe. Kiingereza nacho nilikiacha cheupe, na unajua Kiingereza ningekifanya hata nikiwa na homa. Msimamizi alipita mara mbili. Mara ya pili akagonga meza yangu kwa kidole, akaninong'oneza, "Binti, unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Nikaitazama saa ya ukutani mpaka muda ukaisha, nikakabidhi.

Kilichoniogopesha ni kufaulu. Ningefaulu ningepelekwa shule ya bweni, na Mama angebaki na siri yake peke yake.

Mwezi wa kumi, Jumapili moja, nilikuwa namsugua mgongo. Mkono wangu ulipopita chini ya kwapa ukakutana na kitu kigumu, kama kifungo kikubwa cha koti kilichoshonewa kwa ndani. Akanishika mkono palepale. Akasema, "Umeshakiona, basi nyamaza." Kipo kingine kwenye titi, kikubwa zaidi, na ngozi ya pale imeanza kujikunja. Alikuwa ameshakwenda hospitali mara moja, peke yake, akapewa karatasi, akaificha ndani ya kopo la wanga wa kupigia pasi. Alishindwa kuisoma, na hakuwa na wa kumsomea. Nilimsomea mimi. Nilisoma polepole nikitafuta namna ya kuyalainisha maneno, lakini maneno ya daktari hayalainiki.

Ameniapisha nisimwambie Baba na nisikuandikie wewe. Baba, kwa sababu akijua hatalala mchana, na asipolala mchana atasinzia lindoni na kazi itakwenda. Wewe, kwa sababu ukivunja mkataba wa kiwanda hawatakupokea tena. "Halafu habari mbaya haiandikwi," alisema. "Mtu ataisoma peke yake chumbani kwa watu. Nani atamshika?"

Sasa nimeandika. Nitaikunja niiweke kwenye kamusi, kisha nikuandikie nyingine.

Mdogo wako

*

4 Desemba

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwetu wote. Sisi hatujambo.

Nimemaliza shule. Mtihani ulikuwa mgumu kidogo, kwa hiyo usitegemee makubwa. Mama anakusalimu sana. Bado yupo kwa Mzee wa Dobi, anapiga pasi mashati ya wakubwa, na bado anagombana na kola. Anasema siku hizi kola zinashonwa ovyo, hazilali. Nimemwambia labda zinatoka kiwandani kwako, akasema basi amekusamehe. Baba bado analinda lile ghala. Anarudi asubuhi, anakunywa chai, analala, na sisi tunatembea kwa vidole.

Nusu yako ya kamusi yetu ya Kiingereza haijambo? Yangu iko chini ya mto. Ukikwama kwenye neno lolote kuanzia L mpaka Z, niandikie kama tulivyokubaliana siku ile tulipoikata mgongo tukagawana. Mimi nikikwama A mpaka K nitakusumbua wewe. Bwenini kwenu bado simu hairuhusiwi? Basi tutaendelea na stempu.

Wako,
Mdogo wako

*

2 Januari

Bi Kimya wangu,

Barua yako imefika baada ya wiki tatu, imechoka kuliko mimi. Kwa hiyo sasa umemaliza shule. Huo mtihani uliouita mgumu nakujua wewe, utasema mgumu halafu jina lako litakuwa la kwanza kwenye orodha, nami nitakununia kwa kunidanganya.

Kazi ni ileile. Kola, kola, kola. Mwenzangu wa upande wa kushoto anaweka vifungo, wa kulia anaweka mikono, katikati nipo mimi na shingo za watu nisiowajua. Mwambie Mama kola zangu zinalala. Za safu ya pili ndizo zisizolala.

Nimekwama. Neno lenyewe ni leave. Liko kwako, karibu kabisa na pale kamusi ilipokatika. Hapa limenizunguka. Mlangoni kuna kibao chenye leave na picha ya viatu. Tunavivua, tunaviacha hapo. Juu ya kila cherehani kuna leave na picha ya mkono kwenye swichi. Msimamizi akiona umegusa uzi wa mwenzako anasema leave it. Akikasirika zaidi anasema leave peke yake, kidole kinaonyesha nje. Sasa kwenye ubao wa matangazo wamebandika karatasi ndefu yenye leave mara tisa, na hapo hapana picha. Dada wa vifungo anasema maana yake ni "nenda zako." Nikajiuliza, kiwanda gani hiki kinachowaambia watu nenda zako mara tisa, kisha asubuhi kinapiga kengele waje?

Ninukulie maana zote, pamoja na mifano yake, kama kawaida yako. Usiruke hata moja.

Dada yako

*

25 Januari

Dada mpendwa,

Sisi hatujambo.

Neno lako nimelipata. Limejaza karibu safu nzima ya ukurasa. Nakunakilia maana zile kubwa pamoja na mifano.

Ya kwanza: kuondoka mahali. Mfano: Binti aliondoka nyumbani mama yake akiwa mzima.

Ya pili: kuacha kitu mahali fulani. Mfano: Mpiga pasi aliacha shati mezani nusu, kwa sababu mkono wake haupandi tena.

Ya tatu: kutogusa kitu, kukiacha kama kilivyo. Mfano: Daktari alisema kimeshachelewa, bora kisiguswe.

Ya nne: kubakiza. Mfano: Imebaki miezi, si miaka.

Ya tano: kuacha nyuma mtu anapokufa. Mfano: Mwanamke yule ataacha mabinti wawili, mmoja yuko mbali.

Ya sita: ruhusa ya kutokuwepo kazini. Mfano: Binti aliomba ruhusa, akarudi mapema, akamkuta mama yake.

Isome mifano polepole, Dada. Ukimaliza, isome tena. Hiyo karatasi ya ubaoni naona inahusu maana ya sita.

Mama yuko hapa karibu, anakunja nguo kwa mkono mmoja, ananiuliza mbona leo naandika kwa kubonyeza kalamu. Nimemwambia kalamu ni mbovu.

Mdogo wako

*

12 Februari

Dada,

Naandika kabla sijapata jibu lako kwa sababu matokeo yametoka. Sijafaulu. Jina langu lipo mwisho kabisa, wala halikubanana na la mtu.

Mama Mdogo alikuja siku hiyohiyo, hakusubiri hata kupewa maji. Akaniambia, "Wewe na hiyo kamusi mnalala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kumbe mlikuwa mnakoroma tu?" Baba akamwambia anyamaze. Kisha akanishika kichwa, akakitikisa kidogo kama mtu anayesikiliza kama nazi ina maji, akasema, "Kipo. Kitu kipo humu. Tatizo hakikupata mtu wa kukaa nacho." Ningelia, ila Mama alikuwa ananitazama kutoka jikoni, na macho yake yalikuwa yananiomba nisilie. Anadhani sikuweza.

Nimeanza kwenda kwa Mzee wa Dobi siku tatu kwa wiki badala ya Mama. Nimemwambia Mzee kwamba Mama anapumzisha mgongo. Nimejua kupiga pasi kola: unaanza kwenye ncha, unakwenda katikati, usianzie katikati. Mashati ya siku nzima yakining'inia dirishani naona kama watu wamejipanga foleni bila vichwa.

Uliisoma ile mifano? Umeisoma mara mbili?

Mdogo wako

*

17 Februari

Bi Kimya,

Nimeisoma mara mbili kama ulivyoagiza. Mtunzi wa kamusi yetu alikuwa na msiba alipofika L? Nusu yangu mifano yote ni ya mbuzi. Mbuzi amekula kikapu. Mbuzi ameruka ua. Kwako watu wanakufa hovyo na mashati yameachwa nusu. Niliwasomea wenzangu bwenini, dada wa vifungo akacheka mpaka akashika ukuta, akasema afadhali hakusoma.

Lakini umenifungua macho. Ile karatasi ya ubaoni kweli ni habari ya ruhusa. Kuna ruhusa ya mwaka, kuna ya ugonjwa, na kuna moja yenye neno refu linaloanza na C, hilo nililitafuta kwangu: ni huruma. Ruhusa ya huruma, fikiria. Ukiwa na mzazi mgonjwa unaleta barua kutoka nyumbani, wanakuachia wiki nne uende, na mkataba wako unabaki palepale kama ulivyouacha. Ila safu moja hutoa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Mwezi wa tatu zamu ilikuwa yangu, niliombea ruhusa ya mwaka nije niwashtue. Jana dada wa vifungo akaletewa barua kwamba baba yake amepooza upande mmoja. Nimempa nafasi yangu. Nikamwambia nenda wewe, kwetu wote wazima, mimi nitakuja mwakani. Atarudi katikati ya Aprili.

Alinishika miguu, nikaona aibu. Mwambie Mama nimefanya jambo zuri, maana huwa anasema mimi ni mchoyo.

Wenu,
Dada yako

*

14 Machi

Dada yangu,

Kaa kitandani kabla hujaendelea. Kama yupo mtu wa karibu na wewe, mwambie asiende mbali.

Mifano ile haimo kwenye kamusi. Kwenye kamusi mfano wa kwanza ni wa treni, na ule wa tano ni wa mzee aliyeacha shamba. Hiyo niliyokuandikia niliitunga mimi. Mama ni mgonjwa sana. Ana uvimbe kwenye titi na kwapani, na umeshatembea. Aliniapisha nisikuandikie kwamba anaumwa, nami nikajidanganya kwamba nikiyaandika kwa mtindo wa kamusi nitakuwa sijavunja kiapo, na wewe utaelewa. Nilisahau kitu kimoja. Miaka yote hii nimekunakilia mifano bila kubadilisha hata nukta. Ungejuaje kwamba safari hii ni mimi ninayesema?

Tarehe 20 Februari Mama alikwenda kazini kwa ubishi wake. Akaanguka karibu na meza ya pasi. Mzee wa Dobi na wenzake wakamleta wamemlaza juu ya mashuka ya wateja. Ndipo Baba alipojua. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vya lindo, akamuuliza, "Tangu lini?" Mama akajibu, "Juzijuzi tu." Baba akanigeukia, akaniuliza, "Na wewe ulijua?" Mama akawahi kusema, "Angejuaje huyu? Mtoto." Mimi nikatazama viatu.

Barua yako ya Februari ilifika wiki hii. Nilimsomea juzi, mchana, Baba amelala. Nilipofika kwenye ruhusa ya huruma nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu. Sikutaka ajue kwamba nafasi ilikuwepo na umeshaigawa.

Mama akasema, "Rudi nyuma."

"Nirudi wapi, Mama?"

"Pale ulipovuta pumzi. Ukitaka kuruka huwa unavuta pumzi kwanza. Unaniruka tangu dada yako aondoke, nakuachia tu. Leo usiniruke."

Nikamsomea yote. Dada wa vifungo, baba yake, wiki nne, mkataba unaobaki palepale. Aligeukia ukutani, akasema, "Kumbe mlango ulikuwepo. Mimi ndiye niliyeufunga." Halafu akaniambia, "Mwandikie. Mwambie waziwazi, usizungukezunguke. Na mwambie amefanya vizuri kwa yule mwenzake, si mchoyo."

Kwa hiyo nakuandikia kwa ruhusa yake. Hii ndiyo barua ya nyumbani wanayoitaka. Ipeleke ofisini. Hapa chini Baba ameweka sahihi yake bila kuisoma, alikuwa anawahi lindo, na Mama ameweka dole gumba. Wino umeenea kidogo.

Njoo, Dada.

Mdogo wako

*

6 Aprili

Wewe mtoto,

Sijui nianze na kukupiga au kukukumbatia. Nimeisoma barua yako nimesimama, kwa sababu sijawahi kufuata maagizo yako ipasavyo, na hilo ndilo linaloniua. Uliniambia isome polepole. Niliwasomea watu wakacheka.

Nilikwenda ofisini siku ileile. Msimamizi akasoma, akaangalia dole gumba la Mama, akasema pole. Akafungua daftari lake, akanionyesha safu yetu. Nafasi ina mtu. Nikamwambia aliyeko huko ni mimi niliyemtuma. Akasema anajua, na kwamba sheria haiangalii nani alimtuma nani. Dada wa vifungo anarudi tarehe 16. Tarehe 17 ndiyo natoka. Safari ni siku nne, mabasi mawili na lile behewa la kukaa la treni. Tarehe 21 nitakuwa mlangoni.

Nashona kola na sioni sindano. Jana nimerudishiwa mashati kumi na mawili, shingo zimekaa upande.

Hii inayofuata ni ya Mama. Msomee, na usivute pumzi popote.

Mama, nakuja. Usinyanyue pasi, usinyanyue ndoo, usinyanyue chochote mpaka nifike. Nimekukasirikia na nitakuambia hivyo usoni, kwa hiyo nisubiri. Umesema habari mbaya haiandikwi, sawa, nakuja kuisikia kwa mdomo wako. Ukichoka kuzungumza mimi nitazungumza. Unajua siishiwi.

Dada yako

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Nilifika salama katikati ya Mei, ndiyo kwanza napata nguvu ya kuandika. Cherehani yangu alikuwa amepewa mtu mwingine, wamenirudishia. Dada wa vifungo hawezi kunitazama. Baba yake anaendelea vizuri, anatembea na fimbo. Nimemwambia nafurahi, na ni kweli, ila kila akiniuliza "umekula?" natamani kumrukia.

Hatukuzungumza sana nilipokuwa huko. Nyumba ilijaa watu, na wewe kimya chako kilikuwa kimefika mwisho. Kuna vitu sikukwambia. Siku ile niliyofika, nilipokata kona niliona viatu mlangoni kwetu. Vingi, vimepandana, vya kike na vya kiume. Tangu nije kiwandani nimezoea kuona viatu vimeachwa mlangoni, nikiviona najua tu kazi imeanza. Siku ile nilivitazama nikajua kazi imekwisha. Sikuhitaji mtu anipokee begi wala aniambie tarehe. Nilikwisha kuchelewa, na nilipoambiwa ni siku tatu tu tangu azikwe, niliona afadhali zingekuwa thelathini.

Nina hasira na wewe na sijui niiweke wapi. Karatasi ya mifano yako ninayo. Naisoma asubuhi kabla ya kengele, na kila nikiisoma naielewa vizuri sana, uelewa ambao ungenifaa mwezi wa pili.

Sasa nisikilize. Baba alinisindikiza stendi. Tulikaa kwenye benchi, begi katikati yetu. Akaniuliza, "Hivi mdogo wako alijua?" Nikamwambia alijua Februari pamoja na wewe, Mama alipoanguka. Sijui kwa nini nilisema vile, nilimwangalia usoni nikaona ndilo jibu analoliomba. Akashusha pumzi, akasema, "Kumbe alituficha sote sawasawa." Akaninunulia maji, basi likaja.

Lakini mifano yako ni ya Januari. Kwa hiyo wewe ulijua Januari, na mimi nimemdanganya baba yangu. Nataka kujua kabla sijadanganya tena. Ulijua tangu lini? Na ule mtihani. Mama Mdogo alinong'ona msibani kwamba una kichwa kizito, nikataka kumjibu, ukanikanyaga mguu pale mkekani. Kwa nini ulinikanyaga?

Niambie. Sitakupiga. Niko mbali.

Dada yako

*

25 Juni

Dada yangu,

Barua yako ya tarehe 6 Aprili ilifika ukiwa hapa nyumbani, siku nne baada ya wewe mwenyewe kufika. Sikukuonyesha. Nilihisi ndani kuna maneno ya Mama, nikaogopa kuifungua mbele za watu. Ulipoondoka nilikwenda kaburini peke yangu, nikakaa chini, nikamsomea ile sehemu yake. Nilisoma yote. Nilivuta pumzi mara moja tu, pale uliposema nisubiri, lakini sikuruka.

Umeniuliza tangu lini. Jibu liko ndani ya bahasha hii, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni barua niliyokuandikia tarehe 4 Desemba kabla ya ile uliyoipata. Imekaa kwenye nusu yangu ya kamusi muda wote huu. Humo utakuta mwezi wa kumi, utakuta karatasi ya hospitali ndani ya kopo la wanga, na utakuta mtihani. Ndiyo maana nilikukanyaga mguu. Ungemjibu Mama Mdogo, angeuliza, na Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa pazia.

Sasa nikwambie habari za Baba, kisha nikuombe kitu.

Amekwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, kwa viatu vya lindo, kuomba nirudie mwaka. Wamekubali. Naanza muhula ujao, na asubuhi kabla ya darasa bado nitakuwa napiga pasi. Kila siku akitoka lindo anavuta kiti jikoni kabla ya kulala, ananiambia, "Haya mwalimu, leo neno gani?" Amejitwika kosa langu. Anaamini nilianguka kwa sababu yeye analala mchana na hakuna aliyekaa na mimi na vitabu. Anasinzia huku ameshika kamusi, nikinyamaza anashtuka, anasema, "Endelea, nasikia."

Jana alichagua neno mwenyewe. Alifungua pale mwanzo wa nusu yangu, akashusha kidole, kikaangukia leave. Nikamwambia maana zake. Akasema, "Neno hili linachosha. Mtu anayeondoka na mtu anayebaki wanatumia hilohilo?" Akaanza kusoma mfano wa treni, herufi kwa herufi. Katikati ya treni akasimama.

Akasema, "Unajua kinachonisaidia, mwanangu? Mama yako hakumwambia mtu. Ingekuwa kuna mmoja aliyejua na mimi nimelala pale pembeni yake kila mchana, sijui ningefanya nini. Ningerudi nyuma kuhesabu kila asubuhi aliyonipa chai. Lakini alikuwa na lake, akalibeba, hakutuchagua, huyu ajue yule asijue."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akarudi kwenye treni.

Dada, Mama alituchagua. Hakupenda kunichagua, mkono wangu ndio uliopita pale. Lakini baada ya hapo miezi minne Baba alipewa chai na mimi nikapewa siri. Ningeweza kumwambia yeye sikioni, bila kuandika popote, na ningekuwa nimevunja nusu tu ya kiapo. Alikuwa chumba cha pili. Angempeleka hospitali kwa nguvu. Labda isingebadilisha kitu, daktari aliandika kwamba kumechelewa. Labda ingebadilisha kidogo. Hilo ni langu, nitakaa nalo, na sikumwagii wewe ili unipunguzie. Nimekuambia kwa sababu uliuliza, na kwa sababu nimechoka kukuandikia mifano.

Nikasirikie unavyotaka. Nitazisoma barua zako zote, hata zile za kunigombeza, na sitaruka.

Ombi langu ni moja. Hiyo barua ya Desemba usiichane, vipande huwa vinasomeka. Usimsomee dada wa vifungo hata akikuona unalia. Iweke kwenye nusu yako, katikati ya mbuzi, Baba hawezi kuifikia huko. Na siku atakapokuuliza tena mdogo wako alijua tangu lini, maana najua atakuuliza, mwambie Februari. Mwambie siku ileile Mama alipoanguka kazini, saa ileile aliyojua yeye.

Mdogo wako